Mazoezi ya Kamiriithu hayakuwa na pazia

Yule mama alienda Jumapili nne mfululizo. Ilikuwa 1976, na kijiji chake, Kamiriithu, kiko Limuru, kilomita thelathini hivi kutoka Nairobi. Aliyekuwa akiendewa ni Ngugi wa Thiong'o, wakati huo mkuu wa Idara ya Fasihi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mtu ambaye kila siku alikuwa barabarani isipokuwa Jumapili. Mama aliijua ratiba hiyo. Kila mara ombi lilikuwa lile lile: tunasikia umesoma sana, tumegee kidogo, hatutaki yote. Kijijini kulikuwa na kituo cha vijana kilichokuwa kikibomoka, na walitaka watu wa kusaidia kukiinua.

Nimeanza na huyo mama makusudi. Tangu Ngugi afariki Mei 2025 nimesoma tanzia nyingi, na karibu zote zinapita Kamiriithu kama matatu iliyojaa: mchezo wa kuigiza wa kijiji ukapigwa marufuku, mwandishi akatiwa kizuizini, jukwaa likabomolewa, haya, twende uhamishoni. Yote ni kweli. Lakini ukisoma hivyo utadhani wanakijiji walijenga jukwaa ili serikali ipate cha kubomoa. Mimi ni mtu wa kikundi kidogo cha maigizo huku Nakuru, na sehemu ya hadithi hii inayonisumbua ni ile miezi ya kabla ya onyesho la kwanza. Huko ndiko kuna kitu ambacho vikundi kama vyetu vingepaswa kukiiba bila aibu.

Kituo kilianza na kisomo cha watu wazima, na mmoja wa waliokiongoza ni Ngugi wa Mirii, aliyekuwa na ujuzi wa elimu hiyo. Mchezo wa kuigiza ulifuata baadaye. Wale Ngugi wawili wakapewa kazi ya kuandika mswada kwa Kikuyu, ukaitwa Ngaahika Ndeenda, yaani nitaolewa nikipenda. Hadithi yenyewe haina mafumbo mengi. Kiguunda ni kibarua wa shamba, ana eka moja na nusu, na hati ya shamba ameitundika ukutani. Tajiri wake anaitwa Ahab Kioi. (Anayeijua Biblia ameshajua hatima ya hilo shamba kabla hata ya mchezo kuanza, akimkumbuka Nabothi, aliyenyang'anywa shamba lake la mizabibu na mfalme Ahabu.) Kiguunda na mkewe wanashawishiwa wafunge ndoa ya kanisani, wanachukua mkopo, hati inawekwa rehani, na shamba linaenda.

Sasa, mswada ulipofika kijijini mwaka 1977 haukupokelewa kama maandiko matakatifu. Watu walisomewa, wakaanza kuukosoa. Wazee walisema mzee hasemi hivyo. Ukitaka aheshimike, kuna methali za kumpa, na lugha ina ngazi zake. Profesa wa fasihi akafundishwa lugha ya mama yake na watu ambao baadhi yao walikuwa ndio kwanza wanajifunza kuandika majina yao. Miongoni mwa walioshiriki walikuwamo vibarua wa mashamba na wafanyakazi wa kiwanda cha viatu cha pale Limuru, kwa hiyo maneno kuhusu mshahara hayakuwa ya kubahatisha. Penye harusi, wanawake waliokula chumvi walileta gitiiro, ile sanaa ya kale ya kujibizana kwa nyimbo wakati wa shughuli za ndoa. Na bunduki za bandia za jukwaani? Zilitengenezwa na fundi yule yule aliyekuwa akiunda bunduki za kweli kwa ajili ya wapiganaji wa Mau Mau. Hapo huwa nasimama nicheke kidogo, kwa sababu bunduki yetu ya kwanza ilikuwa bomba la maji lililopakwa rangi nyeusi, na hadhira iliona.

Jukwaa lenyewe lilibuniwa na vijana ambao hawakuwa wamewahi kuingia kwenye ukumbi wa maonyesho wa kisasa. Walipanga njiti za kiberiti chini ardhini, wakazisogeza huku na huku mpaka wakaridhika, wakajenga mfano mdogo, kisha wakajenga lenyewe. Lilikuwa wazi juu na liliweza kuketisha zaidi ya watu elfu mbili.

Hayo yote ni matamu, lakini kiini ni mazoezi. Yalifanyika hasa Jumamosi na Jumapili alasiri, kufuata nafasi ya watu wanaofanya kazi, na yalifanyika hadharani. Aliyetaka alikuja kutazama, akasifu au akazomea, akarudi wiki iliyofuata kuona kama amesikilizwa. Kufikia Jumapili ya tarehe 2 Oktoba 1977, siku ya kwanza ya kulipisha kiingilio, sehemu kubwa ya hadhira ilikuwa imeshautazama mchezo ukizaliwa, ukianguka na kuinuka. Kwa desturi ya vikundi vingi huo ni wazimu. Nani atanunua tiketi ya kitu alichokiona bure?

Sisi tuliamini hivyo hivyo. Mchezo wetu wa kwanza tuliufanyia mazoezi miezi mitatu kwenye ukumbi wa kukodi, madirisha tumeyaziba kwa leso na magazeti, mlangoni kijana wa kufukuza watoto. Tulikuwa na hofu kuu mbili: kwamba kikundi kingine kitatuibia mswada, na kwamba watu wakituona tukikosea watatudharau. Siku ya onyesho walikuja watu kumi na wanne. Tisa walikuwa jamaa zetu. Mmoja wa waliobaki alikuwa mwenye viti, alikuja kulinda viti.

Mchezo wa pili ulitoka nje kwa ajali, si kwa busara. Jumamosi moja tulifika tukakuta ukumbi umepewa watu wa kamati ya harusi, nasi tulikuwa tumeshalipa. Tukagombana na mlinzi, tukashindwa, tukaenda kufanyia mazoezi kwenye nyasi kando ya stendi. Ilikuwa onyesho la mpangaji anayedaiwa kodi. Dada yetu anayecheza mpangaji akafungua mlango wa kufikirika, akashika mikono kifuani, akasema kwa Kiswahili kizuri cha darasani, "Tafadhali bwana, naomba univumilie hadi mwisho wa mwezi."

Kando kulikuwa na mama anayeuza chai na chapati. Alikuwa ametua termosi yake akitutazama. Akasema, wala hakusema na sisi, alisema na mteja wake: "Huyu hajawahi kudaiwa."

Mwelekezi wetu alikasirika. Mimi nikamwomba mama atuonyeshe. Alikataa, akacheka, mteja akamsukuma, akaja. Kwanza hakufungua mlango wote. Aliufungua kiasi cha uso, mwili ukabaki nyuma kana kwamba ndani kuna kitu hataki kionekane. Halafu akageuka kidogo, akajifanya anakoroga sufuria. Na neno la kwanza halikuwa kodi. Lilikuwa, "Ooh, ni wewe baba? Na yule mtoto alipona?" Akauliza kuhusu mtoto, akauliza kuhusu mvua, akauliza kama mama watoto alirudi kutoka nyumbani, na kila swali lilimsogeza mwenye nyumba hatua moja nyuma kutoka kwenye kile alichojia. Alipomaliza akatuambia, "Mtu anayedaiwa haanzi na kodi. Anaanza na watoto." Akarudi kwenye chapati zake kwa sababu moja ilikuwa inaungua.

Onyesho lile ndilo watu walilolizungumzia baadaye kuliko yote. Na hatukuandika hata mstari wake mmoja.

Nisieleweke vibaya. Kuna wanaosimulia Kamiriithu kana kwamba kijiji kizima kilishika kalamu kwa mkono mmoja. Sikubali. Waandishi walikuwa wawili, na mwelekezi, Kimani Gecau, alikuwa mtu wa kazi yake. Maoni ya watu yasipopata wa kuyapanga ni kelele tu, na nimeshinda alasiri nzima kwenye nyasi zile nikibishana na jamaa mmoja mlevi aliyetaka mwenye nyumba aumwe na mbwa. Mazoezi ya wazi yana gharama yake. Waigizaji wachanga wanaona haya, mwelekezi anapoteza mamlaka mara tatu kwa saa, na kila mpita njia ana shangazi aliyewahi kuigiza shuleni. Lazima awepo mtu wa kusema, asante, tumesikia, sasa turudi mwanzo.

Kuna pia suala la pesa, ambalo kwetu linaamua mengi. Vikundi vingi vidogo Kenya vinaishi kwa kuigiza vitabu teule. Shule inalipa, wanafunzi wanaletwa kwa basi, kitabu kinachezwa kama kilivyo kwa sababu mtihani unakuja. Nimeifanya kazi hiyo na imenilipia kodi, siibezi. Ila ukiifanya miaka mitano unasahau kwamba hadhira inaweza kukujibu. Mwanafunzi hawezi kumwambia mhusika wa kitabu teule kwamba hajawahi kudaiwa.

Ngaahika Ndeenda uliishi jukwaani wiki sita na siku kadhaa. Tarehe 16 Novemba 1977 kibali kiliondolewa, na siku ya mwisho ya mwaka Ngugi akakamatwa na kuishia gereza la Kamiti. Aliachiliwa Desemba 1978 bila kufunguliwa mashtaka. Hapo ndipo tanzia huharakisha kwenda uhamishoni, nami nataka kubaki kidogo, kwa sababu kikundi kilirudi kazini na mchezo wa pili, Maitu Njugira, yaani mama niimbie.

Huo ulitakiwa ufunguliwe kwenye Ukumbi wa Kitaifa Nairobi, Februari 1982. Wakanyimwa nafasi. Waigizaji wakaendelea na mazoezi chuo kikuu, milango wazi kama walivyozoea, na maelfu ya watu wakamiminika kutazama mpaka mazoezi nayo yakazuiwa. Mchezo huo haukupata hata onyesho moja rasmi. Kwa watu hao wote, mazoezi ndiyo yaliyokuwa mchezo wenyewe. Machi mwaka huo kituo kilifutiwa usajili na polisi wakafika Kamiriithu kwa malori, wakalibomoa lile jukwaa lililoanzia kwenye njiti za kiberiti. Ngugi wa Mirii na Gecau wakaishia Zimbabwe.

Sisi hatuna wa kutubomolea, na kwa kweli hakuna anayetujua kiasi hicho. Jumamosi bado tuko kwenye nyasi, ingawa sasa ukumbi tunaweza kuupata. Yule mama wa chai huja akimaliza mauzo ya asubuhi, anakaa kwenye ndoo aliyoigeuza. Mchezo tunaoutengeneza unahusu chama cha akina mama na mhazini anayetoroka na pesa. Wiki iliyopita alituambia tumekosea, mhazini anashikwa mapema mno. Wa kwao alichukua miaka mitatu, na kila mkutano ndiye aliyekuwa akifungua kwa maombi. Mwandishi wetu amerudi kuandika sehemu ya pili upya.