Walimhesabu mama mara nne

Ripoti ya huduma za afya niliyotumiwa wiki iliyopita inajivunia jambo moja tangu ukurasa wa kwanza: mahudhurio ya wagonjwa yamepanda. Nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekasirika, kwa sababu mmoja wa waliohesabiwa humo namjua. Ni mama yangu.

Mama ana presha. Mwaka unaozungumziwa na ripoti alikwenda kituo cha afya mara nne. Safari ya kwanza alipimwa, akaandikiwa dawa, akafika dirishani akaambiwa zimeisha, arudi wiki ijayo. Akarudi, akapewa vidonge vya siku kumi. Safari ya tatu kipimo kilikuwa kibovu. Safari ya nne alipewa dawa tofauti na ile ya mwanzo, wala hakuna aliyemwambia kama ya zamani aiache au azimeze zote mbili. Kila alipofika, jina lake liliingizwa kwenye rejista, mwisho wa mwezi likajumlishwa na mengine, jumla ikapelekwa ngazi za juu. Mahudhurio manne. Baadaye akapata kiharusi.

Kwa hesabu ya ripoti, mfumo ulimhudumia mara nne. Kwa hesabu yetu nyumbani, haukumhudumia hata mara moja.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Tunapima mifumo ya afya ya umma mlangoni: wangapi wameingia, vitanda vingapi, majengo mangapi, fomu ngapi zimefika kwa wakati. Kilichompata mgonjwa baada ya kutoka hatukiulizi. Mwaka 2018 tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, watu wapatao milioni 8.6 hufa kila mwaka kwa maradhi ambayo huduma nzuri ingeweza kuyazuia yasiue. Kati yao, kama milioni 5 walifika kwenye huduma, ila huduma waliyoikuta haikuwa ya kuwaponya. Isomeni tena hiyo. Waliofika wakafa ni wengi kuliko ambao hawakufika kabisa, na kila mmoja wa hao waliofika ni hudhurio, ni alama nzuri kwenye jedwali la mtu fulani.

Wala si kwamba hakuna aliyewahi kufikiria njia nyingine. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, daktari mpasuaji wa Boston aitwaye Ernest Codman alisema jambo ambalo mtoto angelielewa: kila mgonjwa aandikiwe kadi, afuatiliwe, na baada ya mwaka aulizwe kama tiba ilimsaidia; ikiwa haikumsaidia, itafutwe sababu, na matokeo yatangazwe hadharani. Wenzake hawakumpenda kwa hilo. Akafungua hospitali yake mwenyewe, na kwa wagonjwa 337 aliowaruhusu kati ya 1911 na 1916 akachapisha makosa 123, yakiwemo yake. Daktari aliyeweka makosa yake mezani kwa hiari! Leo tuna kompyuta, tuna simu kila mfukoni, na bado hatujamfikia mtu wa kadi za karatasi.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba bila kuhesabu tungekuwa gizani zaidi. Florence Nightingale, muuguzi wa karne ya 19, alitumia takwimu za vifo vya askari kuwaonyesha wakubwa wa Uingereza kwamba maradhi yaliua wengi kuliko risasi. Lakini yeye alihesabu waliokufa. Hakuhesabu waliolazwa akatangaza ushindi.

Orodha za kupanga nchi kwa nafasi nazo sina imani nazo sana. Mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani lilipanga nchi 191 kwa ubora wa mifumo yao ya afya, Ufaransa ikawa ya kwanza, Marekani ya 37. Sehemu iliyohusu namna wagonjwa wanavyotendewa ilitokana na maoni ya watu wenye ujuzi katika nchi 35, nyingine zote zikakadiriwa. Wagonjwa wenyewe hawakuulizwa. Shirika halijarudia orodha hiyo tena. Oktoba 2019 ikatoka nyingine, ya utayari wa kukabili milipuko ya magonjwa, Marekani ikaongoza nchi 195. Kufikia Mei 2022 nchi hiyo ilikuwa imezika watu milioni moja kwa Uviko. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Na zile wilaya zinazoripoti chanjo kwa zaidi ya asilimia 100, kwa kuwa idadi ya watoto imekadiriwa kutoka sensa ya zamani, sitaki hata kuanza.

Wauguzi siwalaumu. Nimekaa benchi la kusubiri nikamwona mmoja akijaza rejista moja baada ya nyingine huku foleni imesimama, kwa sababu fomu isipofika ataulizwa, ila mgonjwa asipopona hakuna atakayemuuliza. Mtu hufanya kile anachoulizwa.

Basi waulizwe kingine. Kila kituo kichague wagonjwa ishirini kwa mwezi kutoka kwenye rejista hiyohiyo, kwa bahati nasibu, na mtu asiye wa kituo hicho awapigie simu. Maswali matatu yanatosha: dawa ulipata? Ulielewa ulichoambiwa? Hali yako sasa ikoje? Majibu yabandikwe ukutani, mahali wagonjwa wanapokaa, kabla hayajapelekwa popote. Gharama yake ni muda wa maongezi.

Namba ya mama imo kwenye rejista ile, pembeni ya jina lake, imeandikwa mara nne. Angewaeleza yote kwa dakika tano, tangu safari ya pili, wakati presha yake ilikuwa bado ya kutulizwa kwa vidonge.