Chama Kidogo, Anzia Wadini

Vyama vidogo vya Kenya vina ugonjwa mmoja: vyote vinataka Ikulu. Mwaka 2022 Profesa George Wajackoyah wa chama cha Roots alituchangamsha kweli kwa ahadi zake za kilimo cha bangi na ufugaji wa nyoka. Kura zilipohesabiwa alikuwa na kama 62,000 nchi nzima, chini ya nusu ya asilimia moja. Watu wakacheka. Mimi nikapiga hesabu.

Mwaka huo wapiga kura waliosajiliwa walikuwa milioni 22.1, na wadi ni 1,450. Ukigawanya, kila wadi ina wapiga kura kama 15,000, na waliojitokeza ni karibu thuluthi mbili. Kwa msururu wa wagombea tunaouona kila wadi, mtu anaweza kuwa MCA, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, kwa kura elfu tatu au nne. Najua kura zilizotapakaa kuanzia Busia hadi Lamu huwezi kuzizoa ukazimwaga mahali pamoja. Lakini pesa, muda na vijana wa kampeni unaweza kabisa.

Tazama suala la mawakala. Uchaguzi ule ulikuwa na vituo 46,229 vya kupigia kura. Ni chama gani kidogo kitaweka mtu katika kila kituo, kimlishe na kimlipe nauli? Wadi moja, kwa wastani, ina vituo kama 32. Watu hao unawapata katika kwaya, kwenye steji ya bodaboda na katika vyama vya akina mama, na usiku wa matokeo wanapiga picha fomu 36A, ile ya matokeo ya MCA ya kituo, ikiwa imebandikwa kwenye mlango wa darasa. Kufikia alfajiri unajua kama umeshinda au umeibiwa, na ushahidi unao mkononi.

Kuna watakaoniambia habari ya suti, kwamba wapiga kura huagizwa wachague chama kimoja kuanzia rais hadi MCA. Ni kweli, na katika ngome za vyama vikubwa suti huumiza. Ila wadi ndipo inapofumuka kwa urahisi zaidi. Mgombea wa urais watu humwona juu ya gari. MCA wanamjua: alisoma na nani, ana deni la duka la nani, basari iliyopita aliwapa watoto wa nani. Ndiyo maana wagombea huru, wasio na chama chochote, hushinda wadi kila uchaguzi.

Kosa jingine ni kungoja waliotemwa kwenye mchujo wa vyama vikubwa. Wanakuja na kura zao, sawa, lakini wanaondoka nazo. Okoth Obado alichukua ugavana wa Migori mwaka 2013 kwa tiketi ya chama kidogo cha PDP, katikati ya ngome ya chama kikubwa cha ODM. Mwaka 2017 akautetea kwa tiketi ya ODM. PDP ilibaki na nini? Afadhali mwalimu mstaafu aliyesimamia mradi wa maji kijijini kwa miaka mingi kuliko mheshimiwa mwenye hasira za mchujo.

Sheria nayo ina lawama zake. Ili chama kisajiliwe kikamilifu, lazima kiwe na wanachama 1,000 katika kila kaunti, kwa zaidi ya nusu ya kaunti zote. Hilo linakilazimisha kujitawanya kabla hakijaota mizizi popote. Sawa, timizeni sharti hilo mpate cheti, kisha mchague kaunti moja, wadi sita au saba, mkae hapo. Mkishinda wadi, mnaanza pia kuhesabiwa katika mgao wa viti vya uteuzi vya bunge la kaunti, maana viti hivyo hugawiwa kulingana na wadi zilizoshindwa.

Na wanaolia kwamba hawana pesa waangalie ada ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya 2022. Mgombea urais alilipa shilingi 200,000. Wa MCA alilipa 5,000, na akiwa mwanamke, kijana au mlemavu, nusu yake. Kwa ada ya mgombea mmoja wa urais, chama kingesimamisha wagombea 40 wa wadi, au wanawake 80.