Treni ya Cochabamba: reli mpya juu ya tuta la zamani

Tangu Septemba 2022, treni ya umeme ya Mi Tren ilipoanza kubeba abiria mjini Cochabamba, Bolivia, wanaoilaumu wanasema haipiti walipo watu. Wanaoitetea wanasema ingepita penginepo isingejengwa kabisa. Wote wana hoja, na chanzo ni kimoja: imefuata ardhi ya reli ya zamani.

Reli ile ilikuwa ya geji ya mita, yaani vyuma vyake viwili viliachana mita moja, kama reli ya kati ya zamani ya Tanzania. Sehemu kubwa ya ardhi yake ilikuwa wazi, kwa hiyo geji pana na nyaya za umeme ziliwekwa bila kununua mtaa baada ya mtaa. Stesheni kuu, San Antonio, iko jirani na soko la La Cancha. Mstari wa Kijani unaelekea magharibi, Colcapirhua, Quillacollo na Vinto, ambako watu wa kipato cha chini wamehamia kwa wingi. Mwekundu unakwenda kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha San Simón, kilomita 5.5. Wakazi wa Tiquipaya na vitongoji vya kaskazini wamebaki na trufi, gari dogo la abiria la njia maalumu.

Trufi hupita kila baada ya dakika chache, na hapo ndipo treni inapobanwa. Zilinunuliwa treni 12, aina ya Metelitsa, zilizoundwa na kampuni ya Stadler karibu na Minsk, Belarusi. Tuseme 2 ziko karakana, 3 Mstari Mwekundu, 7 zinabaki Kijani. Kama kwenda, kugeuza na kurudi ni dakika 140, abiria anasubiri hadi dakika 20. Ikiharibika moja, pengo linafika 23, na aliyechelewa kazini mara mbili harudi tena stesheni.

Tatizo la pili ni pale reli inapokatana na barabara. Chuma juu ya chuma hakina mshiko wa tairi kwenye lami. Dereva wa treni akiona gari limekwama mbele, breki pekee haziokoi. Halafu kuna mfereji mwembamba kando ya reli, ambamo ukingo wa gurudumu hupita. Mvua za Novemba hadi Machi hushusha tope na kokoto, na magari huzishindilia mle. Zikiachwa zikagandamana, gurudumu linaweza kupanda juu yake na kuacha njia. Dawa ni mtu mwenye chuma cha kukwangulia na ufagio, kila baada ya mvua. Kazi hii ni rahisi kuisahau kwenye bajeti kuliko zote.

Kwa upande wa nishati, naitetea treni bila kusita. Foleni za mafuta zilipoisumbua Bolivia, usafiri wa umeme haukuhitaji dizeli, ingawa umeme wenyewe hutoka zaidi kwenye gesi ya nchini, ambayo uzalishaji wake unashuka. Vipuri ni habari nyingine: vinalipiwa kwa dola, na dola ziliadimika kuanzia 2023.

Kwa maoni yangu, kabla ya kuongeza kilomita hata moja, fedha ziende kwenye vizuizi na taa za makutano, kisha kwenye treni za akiba. Trufi za Tiquipaya zipewe maegesho mlangoni mwa stesheni za Kijani, na tiketi moja itumike kote. Wenye trufi hawatakubali bure. Wahakikishiwe sehemu yao ya nauli kwanza.