Mboga za kujiotea Nairobi: tuzichume au tuziache?

Mvua za masika zikishika, kati ya Machi na Mei, Nairobi hujaa mboga ambazo hakuna aliyezipanda. Terere (mchicha) na managu (mnavu) huota kwenye viwanja vitupu, saga (mgagani) hujitokeza penye mazizi ya zamani, na thabai, yenye majani yanayowasha, hushamiri kwenye nyua za upande wa Kikuyu na Limuru. Mabishano nayo hurudi. Kuna wanaoshangaa mtu kununua sukuma wiki ilhali managu yanakanyagwa nje ya lango lake, na kuna wanaoamini kwamba mboga ya mjini isiyo na mwenyewe ni sumu. Kila upande una hoja ya kweli. Ila wote wanabishana kuhusu mmea, na kwa maoni yangu kinachoamua ni udongo ulioulisha.

Wanaozitetea wana ushahidi mzito wa lishe. Mchicha una kalsiamu takriban mara tano ya kabichi, na chuma na vitamini A kwa wingi zaidi. Kweli, okisaleti, kemikali ya asili iliyomo kwenye mchicha, hufunga sehemu ya madini hayo, lakini kuchemsha na kumwaga maji huipunguza, na mwenye historia ya mawe ya figo asiruke hatua hiyo. Pia kuna urithi wa kulindwa: mwaka 2021 UNESCO iliorodhesha juhudi za Kenya za kufufua vyakula vya asili kama mfano wa kuigwa duniani.

Hoja yao ya bei, kwamba kuchuma huokoa pesa, ndiyo hainishawishi. Mboga hizi hufurika wakati uleule ambapo mashamba ya Kiambu na Kinangop yanayafurisha masoko ya Marikiti na Kangemi kwa sukuma na kabichi. Uhaba huuma Januari na Februari, na wakati huo viwanja vimekauka.

Wanaozipinga nao wana hoja ambayo haipuuziki. Terere na saga hupenda nitrojeni. Ndiyo sababu hustawi penye samadi, na mjini hustawi vilevile penye bomba la maji taka lililopasuka, kwenye takataka zilizooza na kwenye kingo za Mto Ngong na Mathare. Kichaka chenye majani mapana na ya kijani kibichi kuliko vyote mara nyingi ndicho kilicholishwa uchafu. Kenya iliacha petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006, lakini madini ya risasi hayaozi. Hukaa kwenye udongo wa juu miaka mingi. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilichapisha uchunguzi wa jaa la Dandora. Nusu ya watoto waliopimwa walikuwa na risasi damuni kupita kiwango kilichokubaliwa.

Wengi hujibu kwamba mboga huoshwa. Kwa risasi, jibu hilo ni nusu kweli: mizizi huinyonya kidogo tu, na sehemu kubwa hulifikia jani kama vumbi au tope linalorushwa na matone ya mvua, kwa hiyo maji huiondoa. Kadimiamu, metali nzito itokayo kwenye betri na taka za viwandani, hupanda kupitia mizizi hadi ndani ya jani lenyewe, na mchicha ni kati ya mboga zinazoikusanya sana. Hapo chumvi, siki na kuosha mara kumi havisaidii, na moto hauiunguzi. Vijidudu vya maji taka hufa kwenye sufuria inayochemka. Metali nzito hubaki.

Lakini je, soko ni salama zaidi? Sehemu ya mboga zinazouzwa mjini hulimwa kandokando ya mito hiyohiyo na kumwagiliwa maji taka, na zikishafungwa fungu mezani kwa mama mboga, mnunuzi hana njia ya kujua zilikotoka. Anayechuma mwenyewe angalau ameuona udongo. Kwa hiyo hofu ya uchafu ni ya kweli, ila wanaopinga huikomesha langoni mwa soko, na hapo hoja yao inapungua nguvu.

Anayeamua kuchuma achague mahali kabla ya mmea. Asogee angalau mita 50 kutoka barabara yenye magari mengi, kwa kuwa vumbi zito huanguka karibu na lami. Aepuke mteremko ulio chini ya gereji, jaa au choo. Dawa ya kuua magugu ina hila yake: mmea uliopigwa glaifoseti unaweza kubaki kijani siku kadhaa kabla ya kunyauka, kwa hiyo muulize mlinzi wa kiwanja, usitegemee macho. Msitu wa Karura uondoe kwenye hesabu. Kuchukua mazao ya msitu wa serikali bila kibali ni kosa kisheria. Mahali pazuri kuliko pote ni shamba la mtu unayemjua, nje kidogo ya mji, ambako terere na managu hung'olewa kama magugu wakati wa palizi.

Kosa linaloweza kuua ni kuchanganya managu na mnanaha. Mnanaha una majani yenye meno makali yasiyolingana, na ukilisugua jani linanuka vibaya. Ua lake ni moja moja, jeupe au la zambarau hafifu, lenye umbo la tarumbeta, na tunda lina miiba. Managu yana maua madogo meupe yenye kitovu cha njano, na matunda laini ya mviringo yaliyokaa vichalavichala. Sumu ya mnanaha haiondoki kwa kuchemsha. Mdomo hukauka, mboni hupanuka, moyo hukimbia na mtu huanza kuweweseka. Akifikia hapo apelekwe hospitali mara moja. Mche usio na ua wala tunda, kama huujui vizuri, uache. Na matunda mabichi ya managu yasiingie sufuriani kamwe.

Jikoni, loweka majani kwenye beseni kubwa, kisha yanyanyue kwa mikono. Ukimwaga maji na majani pamoja, mchanga hurudi juu yake. Rudia mara tatu. Managu huchemshwa dakika 10 hadi 15, saga 20 au zaidi, maji yakamwagwa ili uchungu upungue. Thabai ishikwe kwa glavu, ichumwe ncha kabla ya kutoa maua; dakika tatu kwenye maji yanayochemka huondoa mwasho, kisha ipondwe kwenye mukimo (mseto wa viazi na mahindi). Maziwa hulainisha uchungu wa saga, lakini yakikutana na nyanya nyingi motoni hukatika; punguza nyanya, tia maziwa mwishoni, moto ukiwa mdogo. Magadi kwenye mrenda (mlenda) yasizidi robo kijiko cha chai kwa sufuria ya familia. Yakizidi, mboga huonja sabuni na vitamini C huharibika.

Kwa anayeishi katikati ya mji, ningependelea gunia kuliko kiwanja. Chukua gunia la kilo 90, simamisha mkebe usio na kitako katikati, ujaze kokoto, uuvute juu kadiri unavyoongeza udongo na samadi iliyooza. Muulize anayekuuzia udongo umechotwa wapi. Udongo huo ukitoka ukingo wa mto wa mjini, umehamishia tatizo nyumbani. Mbegu za managu hutoka kwenye matunda yaliyoiva kabisa: yaponde kwenye maji, chuja, anika kivulini. Saga haipendi kuhamishwa, kwa hiyo mbegu zake zimwage juu ya gunia palepale, na ikifika sentimita 15 ikate ncha ili itoe matawi badala ya kukimbilia maua.