Ukifika Cong, anzia kwenye mfereji mkavu

Wageni wengi wanaokwenda Cong, magharibi mwa Ayalandi, huanza na kasri, na siwalaumu. Kasri la Ashford limekaa ukingoni mwa ziwa la Lough Corrib, mawe yake ya kijivu unayaona tangu mbali, na nyasi za bustani zake zimekatwa zikawa kama mkeka. Ukoo wa de Burgo ulijenga ngome hapo mwaka 1228. Mwaka 1852 ikanunuliwa na Benjamin Lee Guinness, wa familia ile ya bia nyeusi, na tangu 1939 ni hoteli. Wakitoka kasrini, wageni hupiga picha kwenye sanamu ya John Wayne akiwa amembeba Maureen O'Hara, kumbukumbu ya filamu ya Marekani iliyopigwa kijijini hapo kiangazi cha 1951. Kisha chai, kisha basi, kisha safari ya kurudi Galway.

Mimi naishi Galway, na Cong nimekwenda mara nyingi hata nimeacha kuhesabu. Kila ndugu au rafiki akija kunitembelea akaniuliza tuanzie wapi, jibu langu ni moja: tuanzie kwenye mfereji. Ule usio na maji.

Kwanza nieleze mahali penyewe palivyo. Cong ni kijiji kidogo cha kaunti ya Mayo, mpakani kabisa na Galway. Jina lake kwa Kiayalandi ni Conga, maana yake mahali pembamba, kwa sababu kijiji kimekaa kwenye shingo ya ardhi iliyotenganisha maziwa mawili: Lough Mask upande wa kaskazini na Lough Corrib upande wa kusini. Ziwa la kaskazini liko juu kuliko la kusini kwa kama mita 10. Ungetegemea uone mto mkubwa ukiteremka kutoka moja kwenda lingine. Huuoni. Maji ya Lough Mask yanazama ardhini, yanapita gizani kwenye nyufa na mapango ya mawe ya chokaa, halafu yanaibuka Cong kwenyewe. Unasimama pembeni mwa njia, unaona maji baridi, maangavu, yakibubujika kutoka chini ya jiwe, na hatua chache mbele yameshakuwa mto.

Sisi tuliokulia Tanga mawe haya tunayajua. Aliyewahi kuingia mapango ya Amboni ameona kazi ya maji ndani ya chokaa: yanaila polepole, yanatoboa vyumba na vichochoro, hadi unachokiita mwamba kinakuwa kama sega la nyuki. Ndiyo maana siku ya kwanza nilipooneshwa mfereji wa Cong nilisimama muda mrefu bila kusema neno. Nilijua maji yamekwenda wapi.

Mfereji ulianza kuchimbwa mwaka 1848. Tafadhali uusome mwaka huo taratibu. Miaka mitatu kabla, 1845, ugonjwa wa kuozesha mimea ulikuwa umeingia kwenye mashamba ya viazi ya Ayalandi, na viazi ndivyo vilivyokuwa ugali na wali wa maskini, asubuhi na jioni. Vilioza ardhini. Kufikia 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa kwa njaa na kwa maradhi yanayofuatana na njaa, na wengine zaidi ya milioni walikuwa wamepanda meli wakaondoka. Waayalandi huita kipindi hicho An Gorta Mór, Njaa Kubwa, na magharibi, huku Mayo na Galway, ndiko kulikoumia sana. Nafaka ziliendelea kupakiwa melini kwenda kuuzwa Uingereza. Mwenye njaa, kwa fikra za serikali ya London, hakustahili kupewa chakula hivi hivi. Alitakiwa kwanza akifanyie kazi.

Hivyo watu wakapewa sururu. Mpango ulikuwa kuunganisha maziwa mawili ili mashua zipande kutoka Galway mjini, zivuke Lough Corrib, zipite Cong na kuingia Lough Mask, na wakati huohuo kupunguza mafuriko kwenye mashamba. Zilikuwa kilomita zipatazo sita za kukata mwamba kwa nguvu za mikono na baruti, na vyumba vya maji vya kupandishia mashua, vile ambamo chombo kinaingia, mlango unafungwa nyuma yake, maji yanajazwa, nacho kinainuka hadi usawa wa juu. Mwaka 1854 kazi ya kuufanya njia ya mashua ikasimamishwa. Mfereji ukaachwa ulivyo, na chokaa ikaendelea kunywa maji yake.

Kiangazi kilichopita nilikwenda na mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja, aliyekuja likizo kutoka Tanga. Tulishuka kwenye kimojawapo cha vile vyumba vya maji. Chini kumeota nyasi na miche ya miti, kuta zimepanda pande zote mbili, na hewa mle ndani ni ya baridi hata kama juu jua linawaka. Mawe yamechongwa na kukaa sawasawa, jiwe juu ya jiwe, kiasi kwamba kwenye kiungo hupenyezi hata ukucha. Ukikaribia unaona alama za tindo, mistari mifupi iliyolala mshazari, maelfu kwa maelfu. Kwenye kona jiwe limekatwa kwa mviringo laini, mahali ambapo mlango ungejigeuzia. Mpwa wangu alipitisha kidole kwenye mistari ile kama anayesoma.

"Mjomba, hawa mafundi walijua kwamba maji hayatakaa?"

Nikamwambia mafundi walijua kuchonga.

Hapo ndipo lilipo jambo linalonifanya niandike. Ukisikiliza mazungumzo ya watalii, mfereji huu umekuwa kichekesho. Eti wahandisi walisahau kwamba chokaa inavuja, wakafungulia maji, maji yakatoweka, na wanakijiji wakabaki wameduwaa. Ni hadithi tamu kusimulia ukiwa umeshika kikombe cha chai. Lakini hata kwa upande wa historia haijakamilika. Reli ilifika Galway mwaka 1851, na baada ya hapo nani angesafirisha mizigo kwa mashua za polepole? Fedha zikapungua, hamu ikapungua. Kuvuja kulikuwepo, na kungeweza kuzibwa kwa gharama, ila gharama hiyo haikuwa na mtu wa kuilipa tena. Na kazi ya kukausha mafuriko haikupotea yote: mvua za majira ya baridi zikizidi, mfereji hubeba maji hadi leo.

Kikubwa zaidi, kicheko hicho kinawasahau waliochimba. Ukiuita mfereji huu upuuzi, umewataja wahandisi peke yao. Mimi nawaona wale walioamka na tumbo tupu, wakatembea kwa miguu, wakapasua mwamba mchana kutwa ili jioni wapate cha kuwapelekea watoto. Na katika hali hiyo bado mwashi alichonga kona ya jiwe ikawa laini kama shavu. Hakulipua kazi. Nimelitazama jiwe lile mara nyingi na kila mara linanishika koo.

Huko kasrini utatajiwa majina ya mabwana wote, mmoja baada ya mwingine. Kwenye magofu ya nyumba ya watawa, aliyoianzisha Mtakatifu Feichín katika karne ya 7, utaambiwa kwamba Ruaidrí Ua Conchobair, Mfalme Mkuu wa mwisho wa Ayalandi, aliacha vita vyake akaja kumalizia maisha kwa watawa wale, akafia hapo mwaka 1198. Kwenye mfereji sijawahi kusikia jina hata moja.

Sisemi uache kuona hayo mengine. Magofu ya watawa ni mazuri kweli, hasa milango yake ya mawe yenye nakshi, na ukivuka daraja nyuma yake unakikuta kitu nikipendacho sana: kibanda cha uvuvi cha watawa. Ni kijumba cha mawe kilichosimama juu ya mto wenyewe, kina sehemu ya kuotea moto, na sakafuni kuna tundu. Mtawa aliketi karibu na moto wake, nyavu imeshushwa kwenye tundu, mto unapita chini ya miguu yake. Husimuliwa kwamba kulikuwa na kamba iliyokwenda hadi jikoni kwao, samaki akinasa kengele inalia, mpishi anaweka sufuria motoni. Nimemwonesha mvuvi mmoja wa kwetu picha ya kibanda hiki akasema waliokijenga walikuwa na akili.

Hazina kubwa ya watawa hao haipo Cong tena. Msalaba wa Cong ulitengenezwa mwaka 1123 kwa amri ya mfalme Toirdelbach Ua Conchobair, babaye Ruaidrí, ili kubeba kipande kilichoaminiwa kuwa cha msalaba wa Yesu. Mwaka 1839 ulinunuliwa kutoka kwa padri wa parokia, na leo uko makumbusho ya taifa, Dublin. Vya thamani huhamishwa. Mfereji hauhamishiki, umebaki na watu wake.

Ukiwa na mchana mzima, ingia msituni hadi pango liitwalo Pigeon Hole. Unashuka ngazi za mawe zenye unyevu, shika ukuta kwa sababu zinateleza, na chini kabisa unausikia mto kabla hujauona. Ni maji yaleyale ya Lough Mask yakiwa safarini. Anayetoka mfereji mkavu akashuka pale haulizi tena swali la mpwa wangu.

Na ukiwa na gari, fika maeneo ya Neale na kando ya Lough Mask. Huko, mwaka 1880, wakulima waliokodi mashamba ya Lord Erne waliomba wapunguziwe kodi. Msimamizi wake, Kapteni Charles Boycott, akaleta hati za kuwafukuza. Hawakumpiga. Walimsusia tu: vibarua wakaondoka shambani, wenye maduka wakakataa kumuuzia, na mavuno yake yakabidi yavunwe na watu hamsini kutoka Cavan na Monaghan wakilindwa na askari na polisi wapatao elfu moja. Kufikia Desemba alikuwa ameondoka, na jina lake likawa neno la Kiingereza la kususia. Nyumba yake ni mali ya watu binafsi, usiingie, itazame ukiwa barabarani. Lakini pima miaka: kati ya 1848 na 1880 ni miaka thelathini na miwili. Kijana aliyekuwa na njaa wakati mfereji unachimbwa, mwaka huo alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake.

Kwa hiyo ninachoomba kwa wanaotembeza wageni ni kubadilisha mpangilio. Wapelekeni kwanza mferejini, wakiwa bado wana nguvu za miguu na masikio yao hayajachoka. Shukeni nao, msiwaoneshe kwa kidole tu mkiwa darajani. Wapeni dakika kumi za kugusa ukuta. Kasri litakuwepo tu baadaye, na watalitazama kwa macho mengine.

Januari nilirudi peke yangu, baada ya wiki mbili za mvua. Nyasi tulizokuwa tumezikanyaga zilikuwa zimefunikwa, maji ya rangi ya chai yakienda taratibu kati ya zile kuta, na ile kona laini ya jiwe imezama nusu. Nilimrekodia mpwa wangu video fupi nikaituma Tanga. Alijibu usiku kwa ujumbe wa sauti, akiuliza kama kuna mashua iliyopita. Nikamjibu bado.