Mwenye Daftari Ndiye Mwenye Dola

Mwaka 206 KK jeshi la Liu Bang liliingia Xianyang, mji mkuu wa dola ya Qin nchini China, na makamanda wake wakakimbilia maghala ya hazina kugawana dhahabu na hariri. Mtu mmoja hakwenda huko. Xiao He, aliyekuwa karani wa wilaya tu kabla ya vita, alikwenda moja kwa moja hadi ofisi za waziri mkuu, akakusanya sheria, ramani na madaftari ya watu, ambayo zama hizo yaliandikwa juu ya vipande vyembamba vya mianzi na mbao, akayahifadhi yote. Muda mfupi baadaye hasimu wao, Xiang Yu, aliufikia mji huo akayateketeza majumba ya kifalme. Kumbukumbu za Kichina zinaeleza kwamba ni kwa sababu ya vile vipande vya mianzi Liu Bang alijua njia za mlimani ziko wapi, kila jimbo lina kaya ngapi, wapi pana nguvu na wapi pana shida. Xiang Yu alikuwa mpiganaji hodari kuliko yeye, tena alimshinda mara nyingi, lakini aliyekuwa mfalme mkuu mwaka 202 KK ni Liu Bang, na ukoo wake wa Han ukatawala, pamoja na katizo moja fupi, kwa karibu miaka 400.

Naanza na kisa hiki kwa sababu naamini tumezoea kuisoma historia ya dunia kwa kutazama upande usiofaa. Shuleni tulikariri vita: nani alimpiga nani, mwaka gani, kwa silaha ipi, na mwanafunzi aliyeweza kutaja vita kumi pamoja na tarehe zake alihesabiwa kuwa ameiva. Lakini vita huteka nchi, haviitawali. Utawala huanza siku mshindi anapojua kila kaya ina watu wangapi, shamba lao lina ukubwa gani, na wakivuna achukue kiasi gani. Anayetaka kujua historia iligeukia wapi na aulize ni lini daftari lilitoka kwa mmoja likahamia kwa mwingine.

Maandishi yenyewe yalizaliwa ghalani. Vibao vya udongo vilivyochimbuliwa Uruk, kusini mwa Iraq ya leo, vina umri wa zaidi ya miaka 5,000, na vingi mno kati yake ni hesabu: shayiri iliyoingia, pombe iliyotoka, kondoo wa hekalu, posho za vibarua. Kimoja kinachotajwa sana kina jumla ya vipimo 29,086 vya shayiri vilivyopokelewa kwa muda wa miezi 37, na pembeni yake zimo alama zinazosomwa Kushim. Wataalamu hawajakubaliana kama Kushim ni jina la mtu au la cheo. Ikiwa ni mtu, basi miongoni mwa majina ya kale kabisa yaliyoandikwa duniani limo la msimamizi wa ghala. Tenzi za miungu na mashujaa zilikuja kuandikwa karne kadhaa baadaye. Kinachonigusa zaidi katika vibao hivyo ni alama ya kula, ambayo ni kichwa cha mtu kilichochorwa kando ya bakuli. Bakuli zenyewe zimeokotwa kwa maelfu katika magofu ya zama hizo, za udongo mnene, zisizo na nakshi hata chembe, zimefinyangwa harakaharaka kwa kalibu, na watafiti wengi huamini kwamba ndimo vibarua walimopimiwa posho yao. Mtu aliingia katika maandishi akiwa mdomo wa kulishwa na mkono wa kufanya kazi.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tunalo neno linaloibeba historia hii yote bila sisi kulitilia maanani, nalo ni diwani. Leo diwani ni mwakilishi wa kata, na pia ni mkusanyo wa mashairi, na zamani lilikuwa jina la cheo cha watawala wa Vumba na wa miji ya Mrima. Asili yake ni daftari la serikali, kisha ofisi inayolitunza. Khalifa Umar ndiye aliyeanzisha diwani ya kuandika askari na mafungu yao. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 60 baada ya Waarabu kuiteka Damascus, hesabu za kodi za Sham, yaani Syria na majirani zake, ziliendelea kuandikwa kwa Kigiriki na za Iraq kwa Kiajemi, na makarani wa zamani hawakuondolewa vitini. Ni Abd al-Malik bin Marwan, aliyetawala kuanzia 685 hadi 705, aliyeamuru diwani ziandikwe kwa Kiarabu, na katika mwaka wa 77 Hijria akatoa dinari mpya isiyo na sura ya mfalme, yenye maneno matupu. Kwa maoni yangu uamuzi huo ulikuwa na uzito kuliko vita vingi vya zama zake, kwa sababu tangu hapo kijana wa Damascus au wa Basra aliyetaka kazi ya ofisini alilazimika kujua Kiarabu, awe Mwislamu au asiwe. Lugha iliyoingia ofisini ikapata nguvu sokoni na vitabuni, na baada ya karne nyingi majahazi yakaleta hadi pwani yetu hesabu, hati, karatasi, ushuru na daftari lenyewe, neno ambalo Waarabu nao walilipata kwa Wagiriki, kwao likiwa na maana ya ngozi ya mnyama iliyoandaliwa.

Wamongolia, waliokuwa na farasi wengi kuliko maandishi, walijifunza jambo hilohilo. Baadhi ya wakubwa wao walitaka ardhi ya wakulima ya kaskazini mwa China igeuzwe malisho. Yelü Chucai, mshauri wa Ögedei, khan wao mkuu, hakumbembeleza khan kwa kumwomba huruma. Alimpigia hesabu ya fedha, hariri na nafaka ambazo wakulima hao wangetoa kila mwaka wakiachwa hai na kutozwa kodi, na hesabu hiyo ikaokoa watu.

Haikuwa hivyo Bengal. Vitabu vingi huanza himaya ya Uingereza nchini India na vita vya Plassey vya mwaka 1757, lakini mimi naianza tarehe 12 Agosti 1765, siku ambayo Shah Alam II, mfalme wa Mughal aliyebakiwa na jina kuliko nguvu, aliikabidhi Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki diwani ya Bengal, Bihar na Orissa, yaani haki ya kukusanya kodi ya mamilioni ya watu, kwa ahadi ya kumlipa rupia laki 26 kila mwaka. Hapo awali Kampuni ilileta fedha kutoka Ulaya ili kununua vitambaa vya Bengal. Baada ya hapo ilinunua vitambaa vya Bengal kwa kodi ya Wabengali wenyewe. Kisha mvua zikagoma, na katika njaa ya mwaka 1770 walikufa watu wengi kiasi kwamba Warren Hastings, aliyekuja kuwa gavana, alikadiria wamepotea thuluthi nzima. Mwaka 1772 Hastings huyo aliwaandikia wakubwa wake London kwamba makusanyo ya mwaka 1771 yaliyapita hata yale ya 1768, kabla ya njaa. Alieleza pia namna ilivyowezekana: kodi ilishikiliwa kwa nguvu katika kiwango chake cha zamani, na palikuwa na tozo iliyoitwa najay, ambayo waliosalia kijijini waliwalipia majirani waliokufa au kukimbia. Nimeusoma ukweli huu mara nyingi na kila mara moyo unaniuma. Marehemu alikwisha kuzikwa, lakini ndani ya daftari alikuwa bado anadaiwa.

Wapo watakaonipinga kwamba himaya zilijengwa kwa bunduki na maradhi, na Amerika watakuwa na ushahidi mzito. Sikatai. Wahispania waliivunja dola ya Inka kuanzia mwaka 1532 kwa chuma, farasi na ndui. Lakini walipotaka kujua jamii ipi ilidaiwa nini, iliwabidi wawaite watunzaji wa quipu, zile kamba za mafundo ambazo Wainka waliwekea hesabu zao, na mahakama za Kihispania zikapokea usomaji wa mafundo hayo kama ushahidi. Bunduki haikuweza kuwaambia.

Kwetu daftari la namna hiyo lilikuja na Wajerumani. Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, ambao hakuna Mwafrika aliyekaa mezani, uliweka masharti ya kugawana bara letu, lakini mkulima wa Umatumbi, kusini mashariki mwa Tanzania ya leo, hakuyajua hayo. Alichokijua ni kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwaka 1898 chini ya Gavana Liebert, rupia 3 kwa kibanda cha kijijini, na akida, yaani ofisa aliyewekwa na Wajerumani kusimamia vijiji, aliyekuja kuhesabu vibanda. Baadaye yakaongezwa mashamba ya pamba ya kulazimishwa. Mwezi Julai 1905 watu waling'oa pamba huko Nandete, na vita vya Majimaji vikawaka hadi 1907. Waliokufa, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa moto, wanakadiriwa na baadhi ya wanahistoria kufikia 300,000. Akida huyo aliandika kwa Kiswahili. Lugha hii ninayoipenda ilikwisha kusafiri bara na misafara ya biashara, lakini ni utawala wa Wajerumani ulioifanya lugha ya barua za serikali na ya risiti, na sioni sababu ya kulificha hilo. Waingereza walipoitwaa nchi walifanya kama Wahan walivyofanya kwa Waqin: waliwafukuza mabwana wa zamani wakabaki na mfumo wao. Maakida waliendelea na kazi mpaka Gavana Cameron alipobadilisha utaratibu kuanzia mwaka 1925, na kodi ya nyumba haikupumzika.

Babu yangu mzaa baba, aliyezaliwa Umatumbi baada ya vita hivyo, alikuwa na kopo la bati ambamo alitunza stakabadhi zake zote za kodi, zimekunjwa mara nne, zimefungwa kwa kipande cha kaniki. Wino wa zambarau wa mihuri ulikuwa umepenya hadi upande wa pili. Katika ujana wake, mtu aliyekutwa njiani bila karatasi ile aliweza kukamatwa na kupelekwa kufanya kazi, kwa hiyo alitembea nayo hata akienda kuteka maji. Nilipokuwa mtoto nilimuuliza kwa nini hazitupi, ilhali serikali iliyozitoa ilikwisha kuondoka zamani. Alizirudisha moja moja ndani ya kopo kwa kufuata mwaka, akafunika, akaniambia, "Mjukuu wangu, wao wameondoka. Kitabu walichoniandikia humo hukukiona kikiondoka."

Kopo hilo ninalo mimi sasa. Stakabadhi moja tu haimo katika mfuatano, na bado sijajua mwaka ule alilipa au alijificha.