Yai la kuchangiwa: wanaotaka, wanaokataa, na siri inayotusumbua

Hapa Kigoma habari ya IVF, yaani yai na mbegu kukutanishwa maabara, haishangazi sana siku hizi, watu wanajua kuna wanaoenda Dar wanapandikiziwa mimba wanarudi na watoto. Ila ukisema yai lenyewe limetoka kwa mwanamke mwingine hapo maongezi yanabadilika, mmoja anasema huko ni kuzaa nje ya ndoa kwa kutumia sindano, mwingine anauliza mbona damu tunachangiana na figo watu wanapeana, yai lina nini? Wote wana hoja. Ila wote wanaruka mambo ambayo mimi naona ndo ya msingi.

Kwanza nani hasa anahitaji yai la mtu mwingine, maana sio kila mwanamke ambaye hajashika mimba. Huku kwetu wengi shida yao ni mirija kuziba, na inaziba kwa maambukizi, kisonono na klamidia zilizokaa bila tiba, au maambukizi yaliyoingia baada ya kujifungua au mimba kutoka. Mwenye mirija iliyoziba mayai yake yapo, akienda IVF wanatumia ya kwake mwenyewe. Yai la kuchangiwa ni la yule ambaye ovari, vile vifuko vya mayai, zimechoka mapema hedhi ikakoma kabla ya miaka 40, au alifanyiwa opereshen wakazitoa zote mbili, au dawa za kansa zimeziharibu, au umri umeshaenda. Mwanamke anazaliwa na mayai yake yote, kama milioni moja hadi mbili, akivunja ungo yamebaki laki tatu nne hivi, na kuanzia miaka 35 yanapungua haraka na ubora wake unashuka. Hakuna mizizi wala kidonge kinachoyarudisha, na hela za wanawake wa huku zilizopotea kwenye dawa za "kusafisha kizazi" ni nyingi mno, inauma kwa kweli.

Alafu mume. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya sita hupitia tatizo la kukosa uzazi maishani mwake, na hapo wanahesabiwa wanaume na wanawake. Kipimo cha mbegu ni rahisi kuliko vyote anavyopimwa mke, lakini unakuta mke keshapigwa ultrasaundi mpaka kachoka na mume hajapima hata mara moja, anasema ana mtoto wa nje kwa hiyo yeye ni mzima. Huyo mtoto ana miaka kumi na mbili, mbegu za wakati ule sio ushahidi wa leo! Mke akianza kuhangaikia yai la mtu kabla mume hajapima, hapo mimi nipo na wanaokataa.

Sasa tuseme vipimo vimekamilika na kweli mayai hayapo. Anayechangia anachomwa sindano za homoni kwa siku kama kumi hadi kumi na nne ili mayai mengi yakomae kwa pamoja, anafuatiliwa kwa ultrasaundi, alafu anapewa usingizi na mayai yanavutwa kwa sindano inayopitia ukeni. Yanachanganywa na mbegu za mume maabara, kiinitete, yaani mimba changa kabisa, kikikua siku tatu hadi tano kinawekwa kwa mke ambaye mfuko wake wa uzazi umeandaliwa kwa homoni. Watoto wa njia hii walianza kuzaliwa miaka ya 1980, kwa hiyo sio jambo la jana.

Wanaotetea wanasema mke anabeba mwenyewe, anazaa mwenyewe, ananyonyesha, na mtoto ni damu ya mume. Ni kweli, na kwa mwanamke ambaye mawifi wanamhesabia miaka na mume anaambiwa aongeze wa pili, hilo sio jambo dogo. Sikubaliani na wanaomjibu kirahisi kwamba akachukue mtoto wa ndugu alee. Anayetaka kulea alee, ni jambo jema, ila tusimpangie mtu kiu yake.

Wanaokataa kwa dini nao hawajakurupuka. Chuo cha kimataifa cha Fiqhi ya Kiislamu, yaani cha wanazuoni wa sheria ya dini, kilipokaa Amman mwaka 1986 kiliruhusu mbegu na yai la mume na mke wenyewe na kukataza yai la mwanamke mwingine, sababu kubwa ni nasaba, na Ujiji pale masheikh watakujibu hivohivo. Kwa Mashia wapo wanazuoni waliolegeza, Iran inafanyika. Kanisa Katoliki kupitia waraka wa Vatican wa 1987 lilikataa hata IVF ya mume na mke, sembuse ya mtu wa tatu. Mwenye imani yake akisema hapana aheshimiwe, asiburuzwe kwa hoja ya kwamba sayansi imeendelea. Hata Ujerumani, ambako sayansi ipo ya kutosha, sheria yao ya mwaka 1990 inakataza kuchangia yai.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni huyu anayetoa yai. Mara nyingi ni binti anayehitaji hela, na sindano zile zikizidi ovari zinavimba, maji yanajaa tumboni, wachache wanalazwa. Uingereza wamempa mchangiaji fidia isiyofika paundi 1,000 kwa mzunguko mzima makusudi isiwe biashara. Binti anatakiwa aelezwe yote hayo kabla, na apimwe UKIMWI, homa ya ini, kaswende na selimundu, maana mume akiwa na kinasaba cha selimundu na binti naye anacho, mtoto anaweza kuzaliwa mgonjwa.

Wengine wanaona bora yai atoe mdogo wa mke. Familia nyingi za huku hilo linaingia akilini haraka, watoto wa dada ni watoto wako tangu zamani, na sura ya ukoo inabaki. Ila mimi naliogopa kidogo. Siku wakigombana shamba au msiba, neno "yule ni wangu" litatoka tu, na atakayelisikia ni mtoto. Mgeni hana neno hilo, lakini mgeni naye anamuacha mtoto bila wa kumuuliza. Uingereza waliochangia baada ya Aprili 2005, mtoto akifika miaka 18 anaweza kuambiwa mchangiaji ni nani. Sisi Sheria ya Mtoto ya 2009 inaeleza kuasili na malezi, mtoto wa yai la kuchangiwa haikumuwekea utaratibu wake, kwa hiyo wanandoa wanabaki na makaratasi ya hospitali tu. Naunga mkono njia hii kwa wanandoa waliokubaliana wote wawili, ila kwa sharti mtoto aje kuambiwa, tena aambiwe na wazazi wenyewe akiwa mdogo kabla jirani hajamuwahi.

Na siri ina hatari nyingine ya haraka ambayo watu hawaisemi. Mimba ya yai la kuchangiwa ina uwezekano mkubwa zaidi wa ile hali inayotangulia kifafa cha mimba, presha inapanda na protini inatoka kwenye mkojo, na mama akiwa na umri mkubwa au mapacha ndo inazidi. Sasa mwanamke amepandikiziwa Dar, anarudi Kasulu au Kibondo, kliniki anasema ni mimba ya kawaida ili watu wasijue, nesi anampangia tarehe kama wengine. Mwambie nesi ukiwa naye peke yako, au mwambie daktari pale hospitali ya mkoa Maweni, sio lazima mawifi wajue. Presha ipimwe kila hudhurio na mkojo pia, na kichwa kikigonga au macho yakianza kuona ukungu usingoje tarehe ya kadi, nenda siku hiyohiyo.